Barua ya Sentensi Moja: Ukinyimwa Fidia ya Kuumia Kazini Bila Kuambiwa Kwa Nini

Barua yangu ilikuwa na sentensi moja tu. "Dai lako limepitiwa na kuonekana halifai kulipwa kwa wakati huu." Chini yake kulikuwa na sahihi iliyojikunja kama uzi uliokatika, bila jina, bila cheo. Niliibeba kwenye mkoba miezi mitatu, nikiitoa na kuisoma tena, hasa pale "kwa wakati huu". Nilidhani ni ahadi. Nilidhani wakati mwingine utafika na watanipigia simu.

Sasa hivi nakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishakatwa, hapa mtaa wa Obunga. Kabla ya hapo nilikuwa upande wa pili wa samaki huyo huyo: nilikata minofu ya mbuta kiwandani hapa Kisumu, Kenya, kwa miaka sita. Jumanne, tarehe 9 Machi 2021, kisu kiliteleza kikaingia kwenye mkono wa kushoto na kukata kano ya kidole cha shahada. Kidole kipo, lakini hakikunji. Ukinipa sarafu kwa mkono huo itaanguka.

Wenzangu wakishajua kwamba mwishowe nililipwa, walianza kuja na barua zao. Wengine wametoka Muhoroni na Chemelil kwenye miwa, wengine ni wa mjengo, mmoja alikuwa dereva wa lori. Barua zote zinafanana: fupi, tamu, hazisemi kitu. Nimechoka kueleza huku mafuta yanaungua, kwa hiyo naandika mara moja.

Swali la kwanza: ni nani amekataa?

Hili sikuligundua mimi. Ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, zamani alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Nilimpelekea barua akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaniuliza, "Mama, hii imetoka kwa nani?" Nikasema imetoka kazini. Akanionyesha kichwa cha karatasi. Ilikuwa ya wakala wa bima.

Kumbe kuna watu watatu wanaoweza kukuambia hapana, na hapana zao hazina uzito sawa. Yuko mwajiri. Iko kampuni ya bima ya mwajiri, kwa sababu sheria inamlazimisha awe na bima ya wafanyakazi. Halafu yuko Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye ni serikali, na ana maafisa wake kwenye kaunti. Chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ile kila mtu anaiita WIBA, mwenye mamlaka ya kuamua dai lako ni huyo wa tatu. Mwajiri na bima wakikataa, hayo ni maoni yao. Wanaweza kubishana mbele ya Mkurugenzi, lakini si wao wanaofunga faili.

Mimi nilikuwa nimeenda ofisi ya wafanyakazi kiwandani mara nne "kukata rufaa". Nilikuwa namkatia rufaa mtu asiye hakimu. Na mbaya zaidi, nilipoenda ofisi ya usalama kazini kuuliza faili yangu, hakukuwa na faili. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi ndani ya siku 7 tangu ajue. Wangu hakuwa ameripoti. Dai ambalo "lilipitiwa" halikuwa limefika popote.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya hasira, nenda ofisi ya usalama na afya kazini ya kaunti yako na uulize mambo mawili: je, ajali yangu imeripotiwa hapa, na je, kuna uamuzi wowote wa Mkurugenzi kunihusu? Beba kitambulisho. Andika jina la afisa aliyekujibu na tarehe.

Hesabu za siku

Hapa usicheze. Zinahesabiwa hivi.

Dai linawasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo kama mtu alifariki. Mimi niliumia Machi 2021, na nilipokuja kufahamu kwamba hakuna faili ilikuwa Januari 2022. Zilikuwa zimebaki wiki chache. Zile safari nne za ofisi ya wafanyakazi zilikuwa zinakula muda wangu, na pengine kuna mtu pale alijua hivyo.

Mkurugenzi akishaamua na hukuridhika, una siku 60 za kuweka pingamizi kwake mwenyewe. Hicho ni kifungu cha 51. Yeye naye ana siku 14 za kukujibu kwa maandishi, akibadilisha uamuzi au akiushikilia, na lazima atoe sababu. Jibu hilo likikufikia na bado hujaridhika, una siku 30 za kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hicho ni kifungu cha 52. Mahakama hiyo iko Kisumu, iko pia Nakuru, Kericho na Eldoret, kwa hiyo usidanganywe kwamba lazima uende Nairobi.

Ukipokea karatasi yoyote, andika nyuma yake tarehe uliyoipokea, siku hiyo hiyo.

Dai sababu kwa maandishi

Barua isiyo na sababu huwezi kuipinga. Utapinga nini? Ukiandika "niliumia kweli", watakujibu kwamba hakuna aliyesema hukuumia. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuwalazimisha waseme. Katiba, kifungu cha 47, inasema mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Na kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata taarifa, hata iliyo mikononi mwa mtu binafsi, kama unaihitaji ili kulinda haki yako. Usiende kuzungumza tu pale mapokezini. Andika. Mimi niliandika hivi, kwa mkono, kwenye karatasi ya mistari:

"Kwa Meneja. Kuhusu: barua yenu ya tarehe fulani juu ya ajali yangu ya 9 Machi 2021. Barua yenu inasema dai langu halifai kulipwa kwa wakati huu, lakini haisemi sababu. Naomba mnijibu kwa maandishi: (1) ni nani aliyefanya uamuzi huu, jina na cheo, (2) ni kifungu gani cha sheria mmetumia, (3) ni nyaraka gani mlizosoma, na mnipe nakala, (4) mnakataa nini hasa: gharama za hospitali, mshahara wa siku nilizokuwa nyumbani, au fidia ya ulemavu wa kudumu, (5) ajali hii mliiripoti lini kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Naomba jibu ndani ya siku 14."

Swali la nne ndilo watu husahau, na lina pesa ndani yake. Sheria haikupi kitu kimoja. Inakupa matibabu kwa gharama ya mwajiri. Inakupa malipo ya kipindi sawa na mapato yako ukishindwa kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, hadi miezi 12. Na kama umebaki na ulemavu wa kudumu, inakupa fidia yake. Barua ya "halifai" mara nyingi ina maana kwamba daktari hakuona ulemavu wa kudumu, basi wanazika na yale mengine mawili humo humo.

Tengeneza nakala mbili. Moja waachie, nyingine wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe. Mlinzi akikataa kukuingiza, tuma kwa posta ya rejesta na uhifadhi risiti, na pia uitume kwa barua pepe kama unayo anwani yao. Barua isiyo na muhuri ni hadithi tu.

Mimi nilijibiwa siku ya kumi na moja. Ndipo nilipojua kosa langu: "mfanyakazi alikuwa ameondoa glavu ya kinga kinyume na maagizo". Hapo sasa nilikuwa na kitu cha kupigana nacho.

Maneno wanayojifichia

"Alikiuka maagizo." Tuanze na hili kwa sababu ni langu. Sheria inasema mfanyakazi hapati fidia kama ajali ilitokana na utovu wa nidhamu wa makusudi, wa kujitakia, na hata hapo ni pale tu ambapo ajali haikuleta ulemavu mkubwa au kifo. Soma tena: makusudi. Kusahau si makusudi. Kuharakishwa si makusudi. Glavu yangu ya chuma ilikuwa imekatika pete kwenye kiganja tangu wiki iliyopita na ilikuwa inanasa kisu. Niliomba nyingine. Siku hiyo kulikuwa na mzigo wa kupakiwa, msimamizi alituona wanne hatuna glavu akasema tumalize meza. Hayo yote niliyaandika, na wenzangu wawili wakaandika yao. Na kwa wale walioumia vibaya au kufiwa: kifungu cha 10 kinaenda mbali zaidi. Hata kama mtu alikuwa amevunja maagizo, ajali bado inahesabika ya kazini mradi alichokuwa akifanya kilikuwa kwa faida ya kazi ya mwajiri.

"Hukuripoti kwa wakati." Waulize ni wakati gani. Sheria inakubali taarifa ya ajali kwa maandishi au kwa mdomo. Kama ulimwambia msimamizi pale pale, au alikuona ukitoka damu, taarifa imetolewa. Andika jina lake, saa, na maneno aliyosema.

"Haikutokea kazini." Hii huwapata sana watu wa lori na matrekta ya miwa. Kama ulikuwa unabebwa kwenda au kutoka kazini kwa gari ambalo mwajiri amelitoa kwa ajili ya kubeba wafanyakazi, safari hiyo ni kazi. Matatu ya abiria uliyopanda mwenyewe ni mambo mengine. Na ikiwa ni ajali ya barabarani, chukua karatasi ya polisi mapema, maana kituo kinaweza kuhamisha afisa na faili ikapotea naye. (Kwa ajali ya kisu au mashine, P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, haina kazi hapa. Nimeona mtu amehangaika nayo wiki mbili kwa ushauri wa jirani.)

"Si mfanyakazi wetu." Kibarua ni mfanyakazi. Kama huna barua ya kuajiriwa, hilo ni deni lao zaidi kuliko lako: Sheria ya Ajira inasema kesi ikifika na mwajiri akashindwa kuleta mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Wewe leta ulicho nacho. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo, michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), kadi ya lango, picha ukiwa umevaa ovaroli yao, ujumbe wa kikundi cha shifti unaosema "kesho saa kumi na mbili muwe mezani". Kijana mmoja wa mjengo alishinda ubishi huu kwa daftari la mama wa chakula aliyekuwa akiwakopesha githeri pale nje ya saiti. Jina lake lilikuwa humo kila siku kwa miezi minne.

Ukiwa hujafika kwa Mkurugenzi

Hali yangu ndiyo hiyo. Nilichukua fomu ya kuripoti ajali ya DOSH, yaani ile ofisi ya usalama na afya kazini. Ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Kiwanda kilisita kujaza, nikarudi kwa afisa na kumwambia wazi kwamba wamekataa, nikaweka dai langu mwenyewe pamoja na barua zote mbili, karatasi za hospitali na maelezo ya mashahidi. Usisubiri mwajiri awe na moyo safi. Dai ni lako, na pia linaweza kuwekwa na mtu mwingine kwa niaba yako.

Sehemu ya daktari inataka uvumilivu. Daktari asiandike tu "jeraha la mkono". Mwambie afisa na daktari ni kidole gani, kinakunja kiasi gani, na kazi gani huwezi tena. Nilienda na kisu cha jikoni kimefungwa kwenye gazeti nikamwonyesha daktari jinsi nilivyokuwa nikishika samaki. Muuguzi alishtuka kidogo, lakini asilimia ya ulemavu iliandikwa: 8.

Asilimia hiyo ndiyo inayogeuka pesa. Hesabu ya ulemavu wa kudumu inaanzia mapato ya miezi 96, chini ya viwango vya chini na vya juu anavyoweka Waziri. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 13,500. Mara 96 ni 1,296,000. Asilimia 8 yake ni 103,680. Fanya hesabu hii mwenyewe kabla mtu hajakutajia kiasi, kwa sababu wakala wa bima alikuwa ameshanipigia simu akisema anaweza kunisaidia na elfu 25 "tumalize kirafiki". Kulikuwa na karatasi ya kutia sahihi. Usitie sahihi karatasi inayosema umepokea malipo yote na huna dai lingine mpaka ujue asilimia yako na hesabu yake.

Pingamizi lenyewe

Mimi sikufika hatua hii, lakini nilimsindikiza jirani yangu aliyevunjika mguu. Mshahara wake ulikuwa 18,000. Alipimwa vyuma vikiwa bado mguuni, ripoti ikasema asilimia 10, na uamuzi ukafuata ripoti hiyo. Wiki zilipopita goti likakataa kunyooka, naye bado alikuwa ndani ya zile siku 60. Tulifanya mambo matatu.

Tuliomba fomu ya pingamizi kaunta na kuijaza kwa kalamu ya wino, tukataja tarehe ya uamuzi na tarehe alioupokea. Tuliambatanisha karatasi moja, si tano. Nakuambia hili kwa sababu yeye alikuwa ameandika kurasa tano, tatu zikiwa juu ya jinsi msimamizi alivyomdharau tangu 2017. Ni kweli alimdharau. Lakini afisa anayesoma anatafuta jambo moja: uamuzi umekosea wapi, na ushahidi gani unaonyesha hivyo. Tukaandika: "Uamuzi ulitegemea kipimo cha kabla ya matibabu kukamilika. Nimeambatanisha ripoti mpya ya daktari wa mifupa na picha za eksirei za tarehe hii. Naomba asilimia ipitiwe upya." Na tatu, ripoti hiyo mpya tuliilipia wenyewe, kwa mchango wa chama cha akina mama. Iliuma, lakini bila karatasi mpya pingamizi ni kulalamika. Asilimia ikapanda hadi 18. Kwa mshahara wake, kutoka 172,800 ikawa 311,040.

Mahakama, na watu wa nje ya hospitali

Kuna vijana wanaozunguka wodi za majeruhi wakikwambia wana wakili, tia sahihi hapa, utapata milioni. Waulize kama wanajua uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 3 Desemba 2019. Chama cha mawakili kilikuwa kimepinga sheria hii tangu mwanzo, kesi ikapanda ngazi zote, na Mahakama ya Juu ikaiacha isimame: dai la kuumia kazini linaanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Ukikimbilia mahakamani kwanza, kesi yako inaweza kutupwa wakati miezi 12 imeisha.

Wakili mzuri anakufaa kwenye zile siku 30 baada ya jibu la pingamizi, na pia pale ambapo Mkurugenzi ameamua ulipwe na mwajiri akanyamaza. Dai likishapelekwa kwa mwajiri au bima na Mkurugenzi, wana siku 90 za kulipa. Siku ya 91 andika barua ya kukumbusha, nakala kwa afisa. Kama aliyenyamaza ni bima, Mamlaka ya Kudhibiti Bima hupokea malalamiko bila malipo. Kama ni ofisi ya umma isiyokujibu, Tume ya Haki za Utawala ipo kwa ajili hiyo. Na kama huna pesa za wakili, ulizia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016, kabla hujauza ng'ombe.

Yangu ililipwa siku ya 84. Karibu irudi, kwa sababu jina kwenye hundi lilikuwa la ndoa na akaunti yangu ya benki ni ya jina la kwetu. Linganisha kitambulisho, fomu na akaunti mapema. Na ukija kwangu, njoo baada ya saa nane, mchana ndipo wateja wengi, na ulete barua yenyewe pamoja na bahasha yake. Muhuri wa posta uko kwenye bahasha.